Mzigo Wako Uko Wapi?

Kigoma jua linachelewa. Saa za Tanzania ni moja kutoka Mtwara hadi mpaka wa Burundi, lakini jua halina habari hiyo, na mji huu uko magharibi mno. Saa kumi na mbili asubuhi, wakati Dar es Salaam kumeshakucha na makondakta wanapaza sauti, huku bado ni giza la kutafuta viatu kwa kupapasa. Anayetaka kukimbia kabla ya joto amepewa dakika kama arobaini za ziada ambazo hakuna bosi awezaye kuzidai. Mimi wakati huo sikuwa na bosi hata wa kuzidai.

Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam. Kontena linashuka, makaratasi yanapita mikononi mwangu, mzigo unaondoka kwenda Kongo au Burundi. Kigoma niliiandika kwenye fomu mara nyingi kuliko jina la mtaa wangu, wala sikuwa nimewahi kuiona. Kisha niliacha. Niliomba kusomea uuguzi, chuo kinafunguliwa mwezi wa tatu, na majina ya waliochaguliwa yalikuwa hayajatoka. Mama yangu alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: mtu anaachaje mizigo ya bandarini aende kufunga vidonda vya watu? Sikuwa na jibu la kumtosha. Nilichokuwa nacho ni miezi kadhaa mitupu na namba ya kushiriki mbio za milimani za kilomita 60 kaskazini mwa nchi.

Mbio za namna hiyo huitwa ultramarathoni, na masharti yake ni mepesi kuyaeleza: chochote kinachozidi kilomita 42 na mita 195 za marathoni. Zikikimbiwa njia za porini na milimani, hesabu ya kilomita huanza kupoteza maana, kwa sababu kilomita moja ya kupanda yaweza kula muda wa kilomita tatu za tambarare. Sisi Watanzania tunawajua zaidi wakimbiaji wa barabarani, kuanzia Juma Ikangaa aliyeshinda New York mwaka 1989 hadi Alphonce Simbu aliyetwaa ubingwa wa dunia Tokyo mwaka 2025 kwa tofauti ya sehemu tatu tu za mia za sekunde. Njia za milimani zina watu wake pia. Simon Mtuy, mwenyeji wa Kilimanjaro, mwaka 2006 alipanda na kushuka mlima ule bila msaidizi kwa muda usiofika saa kumi, safari ambayo watalii huigawa siku sita.

Nilikwenda kwa treni, kwa sababu Kigoma ni mwisho wa reli na mwisho wa reli haufikiwi kwa haraka. Baada ya Tabora watu behewani walianza kuzungumza kwa utulivu zaidi. Uvinza walipanda akina mama wenye vifurushi vya chumvi. Ziwa Tanganyika lilipojitokeza chini ya miti, abiria aliyekuwa amelala tangu Kaliua aliamka, akalitazama kidogo, akajifunika tena.

Njia yangu ya kwanza ilikuwa ya kawaida kabisa: kutoka stesheni, kupanda barabara ya Lumumba hadi Mwanga, kisha kushuka Ujiji, kilomita nane hivi. Walimu wa mbio wanasema sehemu kubwa ya mazoezi ya masafa marefu inapaswa kuwa polepole, kiasi cha kuweza kuzungumza bila kuhema. Dar es Salaam nilivaa saa ya kunipimia mapigo ya moyo ili nisizidishe. Ujiji saa hiyo haina kazi. Kila baraza ina mzee, kila mzee ana shikamoo yake, na shikamoo haitupwi kwa kupita mbio. Inaachiwa nafasi ya kuitikiwa, kisha unaulizwa umeamkaje, nyumbani hawajambo, na hizo mbio unafukuzwa na nani. Ukiweza kuyajibu yote hayo bila sauti kukatika, mwendo wako ni sahihi. Mara chache nilizojaribu kuongeza kasi nilionekana mtu asiye na malezi.

Miembe ya Ujiji ni mikubwa na ya zamani, na wenyeji watakwambia ilianza kwa kokwa zilizotupwa na misafara. Siwezi kuthibitisha kila mwembe. Ninachoweza kusema ni kwamba hapa ndipo ilipoishia njia kuu ya kutoka pwani: Bagamoyo, Ugogo, Tabora, mto Malagarasi, Uvinza, Ujiji, zaidi ya kilomita 1,200 kwa miguu. Pembe za ndovu kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, zilipita hapa kwenda pwani. Watumwa walipita hapa pia, wamefungwa, na hilo halifai kupitwa kwa mbio. Lakini wengi waliobeba mizigo ya misafara ile walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa mshahara, hasa Wanyamwezi. Walikuwa wapagazi, na kwao kutembea kutoka ziwa hadi bahari kulikuwa ajira.

Nilianza kuwafikiria siku nilipoingia kwenye makumbusho ya Livingstone. Kuna mnara, kuna miembe miwili inayosemwa kuwa ni uzao wa mwembe wa asili, na kuna sanamu za Wazungu wawili wakivuliana kofia: Stanley na Livingstone, mwaka 1871. Ziwa lenyewe, ambalo zamani lilikuwa karibu na mahali hapo, limerudi nyuma. Nilizitazama sanamu kwa heshima ya mgeni, kisha nikajikuta nawatafuta waliokuwa pembeni ya picha.

Wa kwanza ni Susi, mtumishi wa Livingstone. Bunduki za msafara wa Stanley ziliposikika, Susi alitoka kuangalia, akamwona mgeni, akageuka na kurudi mbio kwa bwana wake akitweta. Kati ya mbio zote zilizopata kukimbiwa Ujiji, ndizo pekee zilizoingia vitabuni, na zilikuwa za dakika chache. Mbio zake ndefu zilikuja baadaye. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, Susi, mtumishi mwenzake Chuma na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874.

Wa pili ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mdogo, akapelekwa India, akarudi mtu huru. Wapelelezi Burton na Speke walipoondoka pwani Juni 1857 alikuwa nao. Walipolifikia ziwa hili Februari 1858, Burton alikuwa hawezi kutembea na Speke alikuwa haoni vizuri kwa maradhi ya macho. Burton aliuliza ule mstari unaong'aa kule chini ni nini, na Bombay ndiye aliyejibu kwamba yale ni maji. Vitabu vimeandika kwamba Wazungu hao wawili walilifikia ziwa. Mmoja alibebwa, mwingine hakuliona vyema. Baadaye Bombay alitembea na Speke na Grant hadi Nile, akawa nahodha wa msafara wa Stanley uliofika hapa Ujiji, kisha akavuka bara zima na Cameron hadi Benguela, ufukoni mwa Atlantiki, wakafika mwaka 1875. Leo mkimbiaji akivuka nchi moja kwa miguu anaandamana na gari la maji na mpiga picha.

Baada ya siku ile niliiacha barabara ya lami nikaanza kukimbia kuelekea mashariki na kusini, kwenye mashamba ya mpunga ya bonde la mto Luiche na vilima vilivyo nyuma yake, kwa sababu nilitaka kuikanyaga ardhi waliyoiingilia wapagazi. Mpagazi alibeba frasila mbili hivi, kama kilo 32, begani au kichwani, na juu ya hapo mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Wengine walitembea na wake zao, na wake nao walibeba. Waliondoka kungali giza na kupiga kambi kabla jua halijawa kali, wakiwa wametembea kilomita 15 au 20. Kesho yake tena, kwa miezi. Chakula kilipimwa kwa kibaba cha nafaka kwa siku. Mwendo uliwekwa na kiongozi wa mbele, na msafara ulikatazwa kumpita.

Yeyote anayejiandaa kwa ultramarathoni ataona hapo ratiba yake mwenyewe. Anza mapema. Usimpite aliyepewa kazi ya kupanga mwendo. Kula kabla njaa haijaanza kusema. Tembea kwenye mwinuko, kwa sababu anayekimbia kila kilima atakaa chini kabla ya safari kuisha. Hata chumvi ninayolamba nikitoka jasho jingi niliinunua soko la Mwanga, chumvi ya Uvinza, ile ile ambayo misafara ilikuwa ikiinunua na kuibadilisha kwa vitu vingine njiani. Mkobani nilikuwa na mihogo ya kuchemsha na karanga. Zile jeli za kwenye pakiti nilizobeba kutoka Dar es Salaam ziliyeyuka siku ya kwanza, nikazigawa kwa watoto, nao wakazirudisha.

Jambo moja linatutenganisha na wapagazi, na kijana wa bodaboda pale Ujiji alilishika haraka. Aliniuliza hizo mbio nitalipwa kiasi gani. Nikamwambia mimi ndiye niliyelipa, ili niruhusiwe kukimbia. Akazima pikipiki. Akawaita wenzake waje wamwone mtu anayenunua uchovu. Mpagazi wa mwaka 1870 angesimama upande wa bodaboda, sina shaka.

Kazi ya upagazi ilikuwa na hadhi. Katika baadhi ya vijiji vya Unyamwezi, kijana ambaye hajafika pwani alihesabiwa hajakomaa. Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na mwaka 1914 ikafika Kigoma, kilomita kama 1,250. Treni moja ilibeba mizigo ya wapagazi wengi mno na haikudai posho. Mwaka huo huo vita vikaanza, na kazi iliyokuwa imekufa ikafufuliwa kwa nguvu: majeshi ya pande zote yaliwakamata na kuwaandikisha watu wabebe risasi na chakula, na maelfu kwa maelfu wakafa kwa njaa, maradhi na kuchoka. Nimefanya kazi karibu na Kariakoo, mtaa uliobaki na jina la wabebaji wale, na kwa miaka hiyo yote nilikuwa naingia pale kununua chaja ya simu.

Nikiwa nimekaa kwenye ngazi za stesheni ya Kigoma baada ya mbio, ngazi nzuri za Kijerumani zenye kivuli, nilijiuliza mpagazi aliyefika hapa mwaka 1914 na kuona treni alifanya nini kesho yake. Wengine walikwenda kufanya kazi ya kuijenga na kuitunza reli yenyewe. Wengine walikwenda mashamba ya mkonge. Wengine walirudi kulima. Hakuna aliyewatangazia nafasi, wala hakuna aliyetoa orodha ya waliochaguliwa. Mimi nilikuwa naona kuchelewa kwa tangazo la chuo ni dhuluma kubwa.

Bandarini ilikuwepo meli iliyobadilisha kazi kuliko binadamu yeyote ninayemjua. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa meli na reli, ikaunganishwa upya hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen, ikafanywa meli ya vita. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe wasiiachie maadui. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi ya abiria kwa jina la Liemba. Mwaka 1997 iliwarudisha wakimbizi Kongo. Mwaka 2015 iliwachukua Warundi waliokusanyika ufukweni Kagunga wakikimbia machafuko ikawaleta Kigoma. Niliikuta imefungwa kamba, ikisubiri mafundi. Mlinzi hakutaka nisogee, ila alikubali kunionesha kwa kidole.

Njia nzuri kuliko zote ni ya kaskazini. Unaanzia Kibirizi, mwalo wenye maboti ya abiria na soko la dagaa, unashika kijia kinachopanda kilima, kinashuka kwenye kijiji, kinapanda tena. Kalalangabo, Kigalye, Mtanga: kila ghuba ina kijiji, na kati ya ghuba na ghuba kuna mgongo wa mlima unaoingia majini. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na milima ya nyuma inapita mita 1,500, kwa hiyo hata mbio fupi zina kupanda kwa kutosha kuua mapaja. Chini kulia au kushoto, kutegemea unakwenda au unarudi, kuna maji yenye kina cha mita 1,470 mahali pa chini kabisa. Kati ya maziwa yote duniani ni Baikal pekee linalolizidi. Hapo zamani ungeweza kukimbia mchangani sehemu kubwa ya njia, wanasema, lakini miaka ya karibuni maji yalipanda yakameza fukwe na nyumba. Mahali kadhaa kijia kinaishia kwenye mti uliosimama ndani ya ziwa, unalazimika kuvua viatu.

Mbele ya Mtanga kuna mpaka wa Hifadhi ya Gombe, na mkimbiaji asiye na kibali hugeukia hapo. Nilikaa kidogo nikamkumbuka Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, aliyeshuka kwenye ufukwe ule Julai 1960 akiwa na umri wa miaka 26, kazi aliyosomea ni ukatibu muhtasi, shahada hana. Serikali ya kikoloni haikutaka msichana akae porini peke yake, kwa hiyo alikuja na mama yake. Nilimpigia mama yangu simu nikamsimulia hilo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba yeye Kigoma haji.

Wiki hiyo mwezi ulikuwa mpevu na Kibirizi ilikuwa imepoa. Dagaa huvuliwa gizani: taa zinawashwa juu ya maji, dagaa wanakusanyika chini yake, wavu unainuliwa. Mbalamwezi ikitanda taa hazina nguvu, kwa hiyo wavuvi hupumzika siku kadhaa kila mwezi. Nilitegemea kukuta watu wamelala. Niliwakuta wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanabishana habari za mpira, wanapaka rangi majina ya mitumbwi. Mvuvi mmoja wa makamo alinieleza kwamba mapumziko ya mwezi hayamsumbui, kwa sababu anayajua yanaisha lini. Yaliyomuumiza ni ya mwaka 2024, serikali ilipofunga uvuvi ziwani kutoka Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, kwa makubaliano na nchi nyingine zinazopakana na ziwa. Miezi mitatu. Alikiri kwamba baada ya kufungua samaki walionekana. Alisema pia kwamba watoto wake hawakula huko kuzaliana. Yote mawili aliyasema kwa sauti ile ile, na sikuona kwamba ni kazi yangu kumchagulia moja.

Wakufunzi wa mbio wana somo linalofanana na hilo. Misuli haipati nguvu wakati wa kukimbia. Wakati huo inachanika. Nguvu huja baadaye, umelala. Nilikuwa nalijua somo hilo kwa miguu na kulikataa kwa kichwa, maana kila jioni nilikuwa naifungua simu kutafuta orodha ya majina, naifunga, naifungua. Kuanzia pale Kibirizi nilianza kuifungua mara moja kwa siku, baada ya kula. Migebuka ya kukaanga na ugali wa muhogo hailiki vizuri ukiwa na mkono mmoja kwenye simu.

Siku ya mwisho ya mapumziko ya mwezi nilikuwa naanza kupanda kutoka Kibirizi, mgongoni nina mkoba wenye maji, nilipoitwa na mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa. Alikuwa ameniona nikipita kila asubuhi.

"Wewe kaka, kila siku mbio juu, mbio chini. Mzigo wako uko wapi?"

Nikamwambia sina mzigo, nafanya mazoezi.

"Basi mimi ninao," akasema, akaonesha gunia la dagaa wakavu. Kijana wake wa kubeba alikuwa hajafika, na gari la Kasulu lilikuwa linasubiri juu, Mwanga, nalo halisubiri sana.

Gunia la dagaa ni jepesi kuliko linavyoonekana, mpaka dakika ya kumi. Nililiweka bega la kulia, nikalihamishia la kushoto, nikajaribu kichwani nikashindwa, watoto wa shule wakacheka. Kukimbia hakukuwezekana. Nilipanda kilima kile kwa hatua fupi, kifua wazi, macho chini mita mbili mbele, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nilipanda bila kusimama. Shikamoo zote nilizitoa. Hakuna aliyeniuliza nafukuzwa na nani.

Gari lilikuwepo. Mama alifika kwa bodaboda, mbele yangu, ameshapanga bei na dereva. Akanihesabia shilingi elfu mbili.

Nikakataa. Akasema hafanyishi watu kazi bure, na nisimletee mikosi. Nikazipokea. Akaangalia gunia, akaangalia viatu vyangu vya bei kubwa, akaniuliza kama kesho kutwa nitakuwepo, maana giza linarudi na wavuvi wanaingia ziwani, na magunia yatakuwa matatu. Nikamwambia matatu siwezi, mawili tutaelewana bei.

"Saa kumi na moja," akasema. "Usiniletee habari za jua."